Kwa Nini Poti Ile Inaitwa Mwanahawa

Wenzangu wa kitengo, huu ni mwezi wa tatu tangu nistaafu na simu zenu bado hazijapungua. Sisemi kwa kulalamika. Mke wangu ndiye anayelalamika, kwa sababu kila mkipiga naacha jembe palepale nilipo, nakaa juu ya jiwe, na mstari wa viazi unabaki nusu. Wiki iliyopita mmoja wenu alinipigia akiwa Soni, nyuma yake nasikia watu wa kabichi wanapakia lori kwa makelele. Akasema, "Shikamoo fundi. Samahani kwa usumbufu. Kwenye mashine zetu zote kuna poti inaitwa mwanahawa. Hicho ni kifupisho cha nini?"

Nilicheka mpaka akadhani simu imeharibika. Nikamwambia si kifupisho, ni mtu. Akauliza, "Mtu gani?" Nikamjibu kwamba habari hiyo ni ndefu, salio lake halitatosha.

Sasa nimekaa niiandike, maana kama msiponisikia mimi mtasikia uongo kutoka kwa mwingine. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo sikuvipata vingi, na mishahara mnaijua wenyewe.

Nilianza kazi kabla ya modemu, wakati zahanati za milimani zilipokuwa zinaongea na mjini kwa redio za upepo. Fundi mkuu alikuwa Mzee Mahimbo, mtu mfupi, mkali, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Siku ya kwanza niliripoti Lushoto mwezi wa saba nimevaa shati jepesi jeupe na viatu vya kung'aa. Mimi ni mzaliwa wa Lukozi, baridi ya huku naijua tangu tumboni, lakini nilitaka kupendeza. Mzee akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Wewe umekuja kazini au umekuja harusini?" Akanirushia koti zito lililokuwa linanuka mafuta ya taa. Nililivaa miaka minne.

Siku hiyohiyo alinipa kipaza sauti cha redio niite zahanati moja ya bondeni. Nikabonyeza, nikaita, nikaachia. Kimya. Nikabonyeza tena na tena, nikaita tena na tena. Mzee akanipiga kofi dogo la mkononi. "Umeshapiga hodi," alisema. "Sasa nyamaza. Mwenye nyumba yuko shambani, mpe muda afike mlangoni. Wewe ukiendelea kubisha, na yeye akisema karibu, utamsikia saa ngapi?" Na kweli, tulipotulia, sauti ikaja ya mtu anayehema, muuguzi aliyekuwa amekuja mbio kutoka kuteka maji. Alikuwa ameitikia mara mbili na mara zote mbili mimi nilikuwa nimeibana redio nikipiga kelele.

Hilo ndilo somo la kwanza na mengine yote yalikaa juu yake. Unapiga hodi, unanyamaza, unasikiliza anayeitika ni nani.

Redio zikaondolewa, zikaja mashine hizi mnazozijua: kompyuta ndogo ya Linux yenye ukubwa wa kipande cha sabuni na betri yake umeme ukikatika, kipimajoto ndani ya friji ya chanjo, na modemu ya USB yenye laini ya simu. Kila saa mashine inasoma joto la friji na kutuma ujumbe mjini. Joto likipanda, inatuma onyo papo hapo. Ni kazi rahisi kuielezea. Kuifanya ndiko kulikotutoa jasho na baridi yote ile.

Modemu ya kwanza niliichomeka ofisini, Mzee Mahimbo amekaa pembeni na kikombe cha chai. Alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu, hajawahi kushika kompyuta, na hakutaka kushika, lakini kutazama alitazama kila kitu. Nikauliza mfumo ni kitu gani kimechomekwa. Ukajibu: CD.

"Inasema nini?" akauliza mzee.

"Inasema yenyewe ni CD."

"Lo! Na laini ya simu umeitia mwenyewe?"

"Nimeitia mwenyewe, mzee, na wewe uliniona."

"Basi inadanganya jina. Mtu mzima akidanganya jina ana sababu yake. Itafute."

Sababu ilikuwa hii: modemu nyingi zikichomekwa huanza kujifanya CD, ili kompyuta za watu wa kawaida zisome humo programu ya kusakinisha. Sisi programu ile hatukuihitaji. Unaipelekea ishara kwamba CD imetolewa, nayo inavua vazi lile na kurudi kwa jina lake la kweli. Ilinichukua siku tatu kulijua hilo. Nilipofaulu, modemu ikatoweka kwenye orodha, ikarudi, na safari hii mfumo ukaorodhesha poti nne mpya: ttyUSB0, ttyUSB1, ttyUSB2 na ttyUSB3.

Mimi nilitarajia moja. Mzee akaweka kikombe chini. "Nyumba moja, milango minne," akasema. "Na wewe unataka kuongea na nani?"

Jamani, swali hilo lilinipa raha ya miaka. Hakuna karatasi iliyokuja na modemu kusema mlango upi ni wa nani. Boksi lilikuwa na picha ya msichana anayecheka na maneno ya lugha nisiyoijua. Basi ikabidi tupige hodi mlango mmoja baada ya mwingine. Hodi ya modemu ni herufi mbili, AT, kisha unabonyeza kitufe cha kuingiza. Anayejua lugha hiyo anaitika OK.

Nikaanza na poti 0. Nikaandika AT. Kimya. Nikangoja, kama nilivyofundishwa. Kimya tu. Nikaenda poti 1, na kabla sijagusa hata herufi moja, mlango ukaanza kunimwagia maneno wenyewe, mstari juu ya mstari, kila mmoja unaanza na alama ya dola na herufi GP, halafu mikato mitupu, mikato, mikato. Mzee akasema, "Huyu hajasalimiwa na tayari anaongea. Ana nini?" Ilikuwa poti ya kipimo cha mahali, ile inayosikiliza setilaiti ikwambie uko wapi duniani. Kwa kuwa tulikuwa chini ya mabati haikuona setilaiti hata moja, ndiyo maana ilikuwa inataja nafasi tupu. Tuliitoa dirishani, ikajaza namba. Mzee akafurahi kama mtoto, akataka tuipeleke mpaka nyumbani kwake aone kama inapajua.

Poti 2 ikaitika. AT, OK. Poti 3 nayo ikaitika OK, lakini hiyo tuligundua ni ya kupitishia data: ukishafungua mtandao kupitia hapo haina nafasi tena ya kukusikiliza, imeshika mzigo. Kwa hiyo wa kuongea naye ni wa poti 2, mlango wa amri. Huyo ndiye anayepokea agizo la kutuma ujumbe.

Ikabaki poti 0, ile kimya. Mwingine angeiacha. Mimi niliihangaikia wiki mbili, mchana nikimaliza kazi za ofisi. Nikaja kujua kwamba si kiziwi, ila lugha yake si ya herufi. Ni poti ya wahandisi wa kiwandani ya kuchunguzia afya ya modemu, na kila anayesema nayo lazima afunge maneno yake kwa alama maalumu. Nilipoipelekea swali lililofungwa sawasawa, skrini ikatoa takataka za herufi zisizosomeka, lakini zinaanza na kuishia na alama ileile, kale kamstari ka mawimbi, ~. Nikapiga ukelele. Sikuwa na haja yoyote na poti ile, na sijawahi kuitumia kwa kazi mpaka nimestaafu. Nilitaka tu kujua nani anaishi humo.

Nikanunua daftari la jalada gumu. Kila modemu iliyopita mikononi mwangu ina ukurasa wake: mlango gani unaitika, upi unajisemea wenyewe, upi unaongea kwa mawimbi, na unachukua muda gani kuamka baada ya kuchomekwa. Hilo la mwisho msilidharau. Kuna modemu inaitika baada ya sekunde mbili na kuna nyingine inataka ishirini. Ukibisha sekunde ya tatu ukaondoka, utaandika kwamba hakuna mtu, na mtu yupo anavaa viatu.

Ukurasa wa Kwamkoro ni wa machozi. Huko tulifunga mashine ya kupimia mvua karibu na msitu, na poti ya amri ikawa inajibu nusu-nusu: leo OK, kesho K peke yake, kesho kutwa hakuna. Siku mbili nazunguka na mvua ile ya kwao isiyojua kukata. Kumbe kwenye mfumo kulikuwa na programu nyingine iliyokuja nao, ambayo kila modemu ikichomekwa inakimbilia kubisha hodi milango yote ili iitambue. Wawili wanaongea na mlango mmoja, jibu la huyu anachukua yule. Nikaiambia ile programu modemu hii ina mwenyewe, kaa mbali. Ikatulia. Nilirudi nyumbani na mafua ya wiki nzima.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana ndilo mnalosubiri.

Nilipoandika programu ya kutuma ujumbe wa friji, niliipa amri iongee na ttyUSB2. Namba hiyo niliiandika moja kwa moja, kwa ujasiri wote, kwa sababu nilikuwa nimeshapiga hodi na kujua nani yuko humo. Tena nikaiambia: usipopata jibu, hifadhi usomaji, subiri, jaribu tena, usisumbue mtu. Nilijiona mstaarabu kweli.

Tukafunga mashine kwenye zahanati zote na kuwaita wauguzi kwa mafunzo ya siku moja. Miongoni mwao alikuwa Sista Mwanahawa, wa zahanati moja mbele ya Lukozi, unaacha lami ya wengine unapanda na njia ya magari ya mboga. Amenizidi miaka sita. Mwanamke mrefu, mpole wa sauti, lakini funguo zake hazitoki kiunoni hata akienda kuoga, hivyo walivyokuwa wanamtania wenzake. Siku ile nilinyanyua modemu juu, nikasema mbele ya wote, "Kidude hiki ndicho roho ya mashine. Kitunzeni kama mnavyotunza dawa." Sista Mwanahawa akaandika kwenye daftari lake. Nilimwona akiandika, nikafurahi.

Mwezi wa pili zahanati yake ikaanza kunyamaza. Nikapanda. Nikafika saa nne asubuhi, nikasalimia, nikazima mashine, nikaiwasha, nikaingia kwenye poti 2, AT, OK. Ujumbe wote uliokuwa umehifadhiwa ukaondoka mfululizo. Nikanywa chai, nikashuka. Kesho yake ukimya tena. Nikapanda mara ya pili, nikazima, nikawasha, ikafanya kazi. Mara ya tatu vivyo hivyo.

Mara ya tatu Sista alisimama mlangoni, mkono kiunoni. "Fundi," alisema, "ukija kinasema. Ukiondoka kinanyamaza."

Nikacheka. Nikasema, "Dada, labda kinanipenda."

Hakucheka. Akauliza, "Sasa mimi nifanyeje?"

"Usikizime tu."

"Sijawahi kukizima."

Nikasema sawa, kwa ile sauti yenye maana ya kwamba si sawa. Mnaijua. Mafundi wote tunayo.

Masika yale umeme ukakatika kule juu siku mbili, tena mwisho wa wiki, zahanati imefungwa na Sista yuko msibani kwa ruhusa. Friji ikapata joto. Onyo halikufika mjini. Jumatatu alipofungua, kipimajoto kilikuwa kinaonyesha kilichokuwa kinaonyesha, na chanjo zote zikalazimika kuteketezwa. Jumanne ilikuwa kliniki ya watoto. Akina mama waliotembea na watoto mgongoni kutoka vijiji vya ng'ambo wakarudishwa hivyohivyo. Wengine hawakurudi tarehe waliyopewa, Sista akawafuata kwa miguu nyumba kwa nyumba. Hilo nililijua baadaye.

Ofisini wakataka kujua kwa nini onyo halikutumwa. Mkuu wetu, Mama Temba, akaniomba ripoti. Nikaandika mistari minne. Wa mwisho ulisema hivi, na naukumbuka kila herufi: "Kifaa ni kizima, inaelekea mtumiaji hukizima." Kwa mstari huo Sista Mwanahawa akapewa barua ya kujieleza, siku saba, na maneno yakaanza kwamba ataondolewa pale na kushushwa daraja. Alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na nane bila barua hata moja.

Sikulala vibaya, nisiwadanganye. Nililala vizuri. Kilichonisumbua kilikuwa kitu kidogo tu cha kitaalamu: kama anakizima, kwa nini mashine inakuwa imehifadhi usomaji wa kila saa? Mashine iliyozimwa haisomi joto. Nilikuwa nimeona ujumbe ule ukiondoka mfululizo mara tatu kwa macho yangu, na sikujiuliza.

Jumamosi nikaenda kumwona Mzee Mahimbo, ameshastaafu, anapogoa miti yake ya plamu. Nikamweleza yote. Akaendelea kukata matawi mpaka nilipomaliza.

"Ukifika pale unaanza na nini?" akauliza.

"Nazima, nawasha."

"Kabla ya kutazama?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo unamkuta mgonjwa, unamwogesha, unambadilisha nguo, unampa uji, ndipo unamuuliza anaumwa wapi."

Nikainama kuokota matawi aliyokata.

"Na yule mama ulimuuliza?"

"Nilimuuliza kama anakizima."

"Aa, hapo hukumuuliza. Hapo ulimwambia." Akakata tawi jingine. "Nenda kapige hodi vizuri."

Jumatatu alfajiri nikachukua bodaboda kutoka Lukozi, ukungu umelala barabarani mpaka dereva anaendesha kwa kukumbuka. Nikafika zahanati haijafunguliwa. Sista Mwanahawa akaja na kanga mbili na sweta, akaniona nimekaa kwenye ngazi. Barua yake ilikuwa na siku nne zimebaki.

"Shikamoo, dada," nikasema.

Alichukua muda. Akatafuta ufunguo, akaingiza kwenye kitasa, akazungusha. Nilikuwa nahesabu sekunde kama nasubiri modemu. "Marahaba," akasema mwishoni, bila kugeuka. "Umekuja kuzima na kuwasha?"

"Leo sigusi kitu. Nimekuja kukaa. Wewe fanya kazi kama sipo."

Akanitazama, akaguna, akaanza siku yake. Akafagia. Akafungua madirisha. Kisha akatoa funguo kiunoni, akafungua kabati la dawa, lile la kufuli mbili, na kutoka rafu ya juu akachukua kifurushi kidogo cha shashi nyeupe ya hospitali. Akakifungua taratibu. Ndani yake kulikuwa na modemu yangu. Akaipuliza vumbi ambalo halikuwepo, akaichomeka kwenye mashine, taa ikawaka.

Nikasogea karibu. "Dada, kwa nini ilikuwa kabatini?"

"Si wewe ulisema?" Akaleta daftari lake la mafunzo, akafungua ukurasa, akaweka kidole. *Kidude hiki ni roho ya mashine. Kitunzwe kama dawa.* "Dawa tukifunga tunafungia kabatini. Asubuhi tunatoa. Wakati wowote zahanati ikifungwa, nacho kinafungiwa."

Nikafungua kompyuta yangu, nikaiunganisha na mashine, na kwa mara ya kwanza katika safari nne nikatazama kabla ya kugusa. Orodha ya poti ilikuwa hivi: ttyUSB0, ttyUSB1, ttyUSB3, ttyUSB4. Poti 2 haikuwepo kwenye orodha.

Mwelewe kilichotokea, maana kitawapata na ninyi. Modemu ilipochomolewa jioni, programu yangu ilikuwa bado imeshikilia poti 2, inaongea nayo. Mfumo ukaona jina hilo lina mtu, haliko huru. Asubuhi modemu iliporudi na milango yake minne, mfumo ukagawa majina yaliyo wazi: 0, 1, kisha ukaruka 2, ukatoa 3 na 4. Mlango wa amri uliokuwa 2 sasa unaitwa 3. Na programu yangu, kwa ustaarabu niliouandika mwenyewe, ikabaki inabisha kwenye mlango wa nyumba iliyohamishwa, haipati jibu, inahifadhi usomaji, inasubiri, haimsumbui mtu. Nikija mimi nazima na kuwasha, kila kitu kinaachiwa, namba zinarudi kuanzia mwanzo, poti 2 inaitika, nakunywa chai, nashuka. Nilikuwa nafuta ushahidi kwa mikono yangu kila safari, halafu naandika kwamba ushahidi hakuna.

Nikapiga hodi milango yote niwe na hakika. Poti 0, mawimbi. Poti 1, mikato mitupu, maana palikuwa na mabati. Poti 3, AT.

OK.

"Dada Mwanahawa," nikasema, "njoo uone." Akaja akiwa na ufagio. Nikamwonyesha skrini, nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo niliposema ukiondoka kinanyamaza, nilikuwa nasema kweli?"

"Ulikuwa unasema kweli."

Akaketi kwenye kiti cha wagonjwa, akafunika uso kwa kanga, mabega yakamtikisika. Mimi niliangalia ukuta. Ulikuwa na bango la kunawa mikono. Nilisoma hatua zote, nikasoma tena. Niliona haya ambayo sijawahi kuiona kabla wala baada ya siku ile.

Sikushuka mjini mpaka nimeandika ripoti, palepale, kwenye meza yake. Ilikuwa na kurasa mbili. Niliandika kwamba modemu ilichomolewa kwa agizo langu, kwamba namba ya poti niliiandika mimi, kwamba ukimya wa programu niliutengeneza mimi, na kwamba mstari wangu wa mwisho wa ripoti ya kwanza ulikuwa wa kubuni. Mama Temba akaisoma amesimama.

"Unajua hii inakushtaki wewe?" akauliza.

"Najua, mama."

"Unataka niipeleke hivihivi?"

"Ipeleke kabla siku zake hazijaisha."

Aliipeleka siku hiyohiyo. Barua ya Sista ikafutwa, na barua ya kujieleza ikaja kwangu, nikaipokea kwa mikono miwili. Niliijibu kwa kuambatisha ripoti ileile, maana sikuwa na jingine la kuongeza.

Kisha nikatengeneza. Namba zinazogawiwa na mfumo zinaenda kwa aliyewahi, lakini kila mlango ndani ya modemu una nafasi yake uliyopewa kiwandani, na hiyo haibadiliki uchomoe mara mia. Nikaandika kanuni ya mstari mmoja: modemu ya aina hii ikichomekwa, mlango wake wa nafasi fulani upewe jina hili la kudumu, na programu iite jina, isiite namba. Jina likikosekana, ingoje. Likikosekana muda mrefu, iwashe taa nyekundu na kupiga kengele, isumbue watu wote. Mahali pa kuandika jina palikuwa patupu na kishale kinapepesa. Wenzangu wangeandika amri, au modemu, au kitu chochote cha kiofisi. Mimi niliandika mwanahawa, kwa herufi ndogo kama mfumo unavyotaka, na nikaupeleka mstari huo kwenye kila zahanati. Modemu nayo nikaifunga kwa skrubu ndani ya boksi, na mafunzo yaliyofuata sikuinyanyua tena juu wala kusema habari za roho.

Yeye sikumwambia. Niliogopa ataona nafanya mzaha.

Baada ya ile simu ya Soni nikaona si haki jina la mtu lijulikane na vijana, mwenyewe hana habari. Jumapili nikaenda kwake. Naye amestaafu, ana maharage mazuri na ng'ombe mmoja mkorofi. Tukasalimiana kirefu kama ilivyo kwetu, nyumbani, shambani, wajukuu, mpaka ng'ombe. Kisha nikamwambia habari ya jina lake, na kwamba nimeanza kuwaandikia ninyi.

Alikuwa anachambua maharage. Mikono ikasimama.

"Kwenye mashine zote?"

"Zote."

"Na wakiita, linaitika?"

"Linaitika. Likichelewa, wameagizwa wasubiri."

Akarudi kwenye maharage yake. Nikadhani yameisha hapo. Kumbe bado. Akasema, bila kuinua macho, "Mimi sikuchelewa, fundi. Uliponijia niliitika. Nilikwambia ukiondoka kinanyamaza."

"Uliniambia."

"Basi huko unakoandika, andika na hilo."

Nimeandika.